Jina Arthur lilikuwa mbele, lakini mimi nilisema Albert

Mwandishi mmoja alitueleza, kabla mtoto hajapewa jina, kwamba wacheza kamari wa London walikuwa wakilipatia Arthur nafasi kubwa kuwa jina la mtoto wa Prince William wa Uingereza na mkewe Catherine aliyezaliwa Jumatatu, 23 Aprili 2018. Jina hilo limo katika ukoo, kwani William mwenyewe ni William Arthur Philip Louis na baba yake ni Charles Philip Arthur George, ila kwa wote wawili limebanwa katikati. Jina la James, lililotajwa pia, niliweka kando, maana Prince Edward, ami yake William, tayari alikuwa na mwana mwenye jina hilo.

Mimi nilisimama na Albert, ingawa ukoo wenyewe wa kifalme umekuwa ukilikwepa: mwana wa Malkia Victoria aliyeitwa Albert Edward alijiita Edward alipotawazwa, na baba yake Malkia Elizabeth, ambaye nyumbani alikuwa Bertie tu, alitawala kwa jina la George wa Sita. Huyu mchanga alipozaliwa alikuwa wa tano katika kurithi kiti cha ufalme, kwa hiyo angeweza kulibeba bila wasiwasi. Waliotaka aitwe George, eti kwa kuwa amezaliwa Siku ya Mtakatifu George, walimsahau kaka yake, ambaye tayari anaitwa George.