Kobe na ngozi ya mwenzake: anavumilia, au anachelewa tu?

Shona kiraka cha ngozi ya kobe mmoja kwenye mwili wa kobe mwingine, na siku za mwanzo utadhani kimekubali. Kinashika, kinapata damu, rangi inabaki ileile. Panya angekuwa amekikataa ndani ya wiki mbili hivi. Kobe anaacha wiki zipite. Ndipo damu inatuama kwenye vimishipa vyake, rangi inapauka, kiraka kinakauka kama kigaga na kubanduka.

Wapo wanaouita mwendo huu uvumilivu, au dalili ya kinga ya kizamani isiyokomaa. Hiyo ya uzamani siikubali. Samaki wenye mifupa ni ukoo wa kale kuliko kobe, lakini hukataa vipandikizi upesi. Chura naye hana subira, ilhali salamanda, amfibia mwenzake, hujikokota kama kobe.

Hoja ya uvumilivu ni ngumu zaidi kuiangusha. Tangu miaka ya 1960 watafiti wamepandikiza ngozi kwa kobe wa Amerika Kaskazini, Chelydra serpentina, na joto likaonekana kuwa na sauti kubwa: kobe akiwekwa kwenye baridi, kiraka hudumu zaidi. Msimu nao umo. Kwa kobe Mauremys caspica, tezi ya thaimasi, ambako hukomalia seli T (chembe za kinga zinazoshambulia tishu ngeni), husinyaa majira ya baridi. Sasa, mlinzi aliyesinzia kwa baridi tuseme amemkubali mgeni? Mpashe joto kwanza, ndipo tuzungumze.

Uvumilivu wenyewe una sura nyingine. Mwaka 1953 watafiti Billingham, Brent na Medawar waliwadunga vijusi vya panya seli za panya wa ukoo mwingine. Baadhi yao walipokua walipokea ngozi ya ukoo ule na kuibakisha. Hapo mwili ulikuwa macho. Ulichokosa ni sababu ya kupigana na ukoo huo.

Hata hivyo, joto halimalizi kesi. Kobe aliye kwenye joto linalomfaa bado hukawia kuliko chura. Huenda alama za utambulisho kwenye seli za kobe zinatofautiana kidogo tu kati ya mmoja na mwingine, huenda seli T zao huchelewa kuongezeka. Na kobe ana nafasi ambayo panya hana: kijusi chake kimo ndani ya yai, nje ya mwili wa mama, kinafikika kwa kutoboa ganda. Seli za kobe mwingine zikidungwa humo kabla thaimasi haijakomaa, ndizo zitakazotofautisha uvumilivu na usingizi.