Dumuzi Hufa kwa Kiu, ila Mfuko Nao Ufike Dukani

Mchango wa vyuo vikuu katika maendeleo endelevu unapimika vizuri ghalani kuliko kwenye ripoti. Lengo la 12 la Umoja wa Mataifa linataka upotevu wa chakula baada ya mavuno upungue ifikapo 2030, na mfuko wa PICS wa kuhifadhia nafaka, zao la Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, unawapa hoja watetezi wa utafiti na wakosoaji wake pia.

Kazi ilianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti wa wadudu wa Purdue, Larry Murdock, na wenzake wakipambana na fukusi wa kunde. Mfuko wenyewe ni vifuko viwili vya plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Ukishafungwa, wadudu huipunguza sana oksijeni iliyomo. Wengi hudhani wanakosa pumzi tu, kumbe maabara ilionyesha jambo jingine: mdudu anayekula nafaka kavu hujitengenezea maji mwilini kwa kutumia oksijeni. Ikipungua, anaacha kula, anakauka, anakufa kwa kiu. Dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi ambaye Watanzania walimbandika jina la Skania na Wakenya Osama, anadhibitiwa bila chembe ya dawa. Maarifa ya namna hii yanahitaji maabara na subira.

Lakini subira hiyo ilizidi. Usambazaji mkubwa ulianza 2007, takriban miaka 20 baadaye, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala. Mfuko kufika duka la pembejeo hakumwongezei kitu. Bei nayo ni mara kadhaa ya kiroba. Anayeuza mahindi wiki ya mavuno ili alipe ada ataununulia nini?

Tena mfuko hausamehe uzembe. Mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5 huota ukungu humo humo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kuingia haitoki. (Kenya mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317.) Wengi hupima kwa chumvi: vijiko viwili vya chumvi kavu na konzi ya mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata usishangilie, huenda bado hujafika 13.5, anika tena. Kisha puliza kila kifuko kama puto usikie kama kinavuja. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba, kimoja baada ya kingine. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, na kila ukifungua unamrudishia hewa.

Kwa maoni yetu, kilichoubeba mfuko ni kazi ambayo chuo hakiipi alama: wanakijiji walijaza nafaka zao wenyewe hadharani, wakaiacha miezi kadhaa, kisha mifuko ikafunguliwa mbele ya kijiji kizima, kila mtu akatia mkono na kuchota.