Tupime Tope la Ziwa, Si Maji Yake Tu

Kiangazi kilichopita, katika mwalo mmoja wa hapa Kigoma, nilimkuta kijana amechuchumaa kando ya jiko la mkaa, akiyeyusha risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, kwenye kopo la maziwa ya unga. Pembeni yake kulikuwa na betri mbili zilizokuwa zikiwasha taa za dagaa, maganda yake yamepasuliwa kwa nyundo, na tindikali imekwisha kumwagwa mchangani, hatua chache tu kutoka pale akina mama walipokuwa wakianika dagaa. Alikuwa akitengeneza vizito vya nyavu. Nilipomuuliza ile tindikali na yale mabaki meusi huishia wapi, alinijibu kwa adabu na bila wasiwasi wowote: "Mzee, mvua ikinyesha ziwa linachukua."

Ziwa linachukua, ni kweli. Linapeleka wapi? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mlango wa kutokea mmoja tu, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Tena sehemu kubwa ya maji yanayoliacha ziwa hili hayapiti hata huko, bali hupaa angani kwa jua yakawa mvuke. Risasi haipai. Hiyo na metali nyingine, kama zebaki, kadimi na zinki, zikishaingia ziwani hunasa kwenye chembe laini za udongo na mabaki ya mimea, kisha hutua chini pamoja nazo, na kwa kuwa metali haiozi wala haichakai kama taka nyingine, hubaki hapo miaka na miaka zikifunikwa tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji ya ghuba yetu, yale tunayojivunia kwa weupe wake, akayapima na kuyakuta salama kabisa, ilhali tope lililo chini ya mtumbwi wake limebeba mzigo mzito.

Wenzetu wanaoishi kando ya maziwa ya pwani, yaani maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga, wamelijua jambo hili kwa uchungu. Kule kusini-mashariki mwa Hispania kuna Mar Menor, ziwa la pwani lenye ukubwa wa kilomita za mraba 135 hivi, ambalo kwa miaka mingi lilipokea mabaki ya migodi ya risasi na zinki kutoka milima ya jirani. Uchimbaji ulikoma mwaka 1991, lakini mabaki hayakukoma kushuka, kwa kuwa kila mvua kubwa huyakokota kutoka vilimani na kuyapeleka majini. Mwaka 2022 Hispania ilitunga sheria ya kulipatia ziwa hilo haki zake kama mtu, na mimi naiheshimu hatua hiyo, ila sheria haiondoi risasi iliyokwisha kulala kwenye tope.

Gharama ya kuliondoa tope lenyewe waulizeni Wajapani. Ugonjwa wa Minamata, yaani sumu ya zebaki inayoharibu ubongo na neva, ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, nao ulitokana na zebaki iliyomwagwa na kiwanda katika ghuba ambayo wavuvi walikuwa wakiitegemea kwa kitoweo. Katika maji na tope lisilo na oksijeni wamo bakteria wanaoweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia kirahisi mwilini na hupanda kutoka kiumbe mdogo hadi samaki mkubwa, hata ikamfikia mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kule Minamata kiwanda chenyewe ndicho kilichoitoa ikiwa tayari katika hali hiyo. Kazi ya kulichimbua na kulifukia tope la ghuba ile ilianza mwaka 1977, ikamalizika mwaka 1990, na takribani mita za ujazo milioni 1.5 za tope zilishughulikiwa.

Siandiki haya ili mtu yeyote aogope dagaa wa Kigoma. Dagaa wetu huishi katikati ya maji, hula vijidudu vinavyoelea na huishi muda mfupi, kwa hiyo hapati nafasi ya kulimbikiza sumu kama wanavyoweza kulimbikiza samaki wakubwa walao samaki wenzao, au konokono na kaa waishio juu ya tope lenyewe. Ninachokihofia mimi zaidi ni mchanga wa mwaloni. Dagaa mbichi akianikwa chini hushika vumbi, na watoto hucheza hapohapo huku mikono yao ikienda mdomoni kila dakika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia kuliko wote ni watoto wadogo, ambao ubongo wao ungali ukijengeka.

Kuna wakati ambapo siri ya tope hutoka hadharani. Maji ya ziwa yanapopanda, kama tulivyoona mwaka 2021, huingia kwenye gereji, majalala na mabanda ya mafundi wa injini yaliyo ukingoni, na yakirudi huwa hayarudi mikono mitupu. Wakati mwingine ni pale tunapochimba ili kuongeza kina cha bandari. Tope lililotulia bila hewa huwa limeifunga metali, lakini likivurugwa na kukutana na oksijeni huweza kuiachia tena majini. Napenda kuona bandari yetu ikikua, maana mji huu umejengwa na ziwa pamoja na reli iliyofika hapa mwaka 1914. Kwa sababu hiyohiyo naona si haki kuanza kuchimba kabla ya kulipima tope, na kabla ya watu wa ukingoni kuambiwa litamwagwa wapi.

Upimaji wenyewe si kitendawili. Bomba refu hushindiliwa kwenye sakafu ya ghuba na kutolewa na mhimili wa tope, yaani kipande kirefu chenye tabaka zake kama zilivyolala, kisha mhimili huo hukatwa vipande na kila kipande hupimwa. Tabaka za chini kabisa zitatuonyesha ghuba ilivyokuwa kabla ya reli, jambo la lazima kwa kuwa hata miamba ya asili hutoa metali kiasi, na tabaka za juu zitatueleza sisi tumeongeza nini. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake hapahapa Kigoma. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa hili kwa pamoja jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Naomba upimaji wa tope uwe wa kila baada ya miaka michache, na majibu yabandikwe mwaloni kwa Kiswahili.

Na kwa sasa, kila mwalo upewe banda dogo lenye sakafu ya saruji na paa, ambapo betri iliyokufa itapokelewa ikiwa nzima na kulipwa kwa kilo, na vizito vya nyavu viuzwe hapohapo. Nilimweleza kijana yule wazo hili wakati risasi yake ikipoa kwenye kopo. Akasema angezipeleka betri huko hata kesho, mradi bei isiwe ya kumnyonya.