Mlimani, mjini, na boom ya elfu kumi

Kila majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakitoka, ubishi wa Dar es Salaam ni uleule: chuo ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hivyo vya Posta na Mnazi Mmoja ni majengo tu. Mlimani wana la kujivunia, hilo halina mjadala. Kuna Nkrumah Hall, kuna maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018, kuna sifa ya enzi za mwanahistoria Walter Rodney akifundisha na Museveni akisoma. Anayelala karibu na darasa hubishana na wenzake mpaka usiku wa manane, na hiyo nayo ni shule. Lakini chuo hichohicho kilianza 1961 ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na kilipanda mlimani 1964. Wanaobeza vyuo vya mjini hawalitaji hilo.

IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, ni jirani wa Benki Kuu. Ukitoka CBE, chuo cha biashara, au DIT, taasisi ya teknolojia, Kariakoo unakwenda kwa miguu. Mwanafunzi wa uhasibu huko anaweza kushinda darasani, jioni akafunga hesabu za duka la mtu ili apate cha kula. Anaambiwa hana maisha ya chuo.

Kinachonikera zaidi ni boom, fedha ya mkopo ya kujikimu. Tangu 2022 mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa awamu ya siku 60. Hosteli za Magufuli za Mlimani zilipozinduliwa 2017, kodi ilitajwa kuwa shilingi 500 kwa siku. Kwa bei hiyo, siku 60 ni 30,000, na mwenye kitanda anabaki na 9,500 kila siku. Sasa mchukue aliyepanga geto Kimara, tuseme la 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi: 420,000. Zinabaki 180,000, sawa na 3,000 kwa siku, na hapo hajanunua godoro wala hajapanda mwendokasi kwenda na kurudi. Utasema boom inayofuata atapumua. Kweli, ila mitihani ya majaribio haimsubiri apumue.

Nakubali kwamba Mlimani si wote wenye vitanda. Hosteli zile zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, na kubebana, wawili kitanda kimoja, hakujaisha. Wengine wamepanga Sinza na Changanyikeni kwa kodi inayouma vilevile. Ndiyo maana mstari wa haki haupiti kati ya chuo na chuo. Unapita kati ya aliyepewa kitanda na aliyepanga, na vyuo vya mjini ndivyo vyenye wapangaji tele, maana pale Posta kiwanja cha kujenga mabweni ni shida kupata. Orodha ya waliopata vyumba kila chuo kinayo. Bodi ya Mikopo ingeichukua, ikatenga fedha ya malazi na ya chakula, na aliyepanga akaongezewa kwenye malipo ya kwanza, pale mwenye nyumba anapodai chake.