Hundi Kulala Usiku Mmoja Benki

Muulize mfanyabiashara wa Nairobi kwa nini hundi hailipwi siku ileile, naye atakujibu bila kufikiri: benki inazungusha pesa zetu. Shaka hiyo ina asili yake. Kabla ya 2011 karatasi yenyewe ilibebwa kutoka benki hadi benki, na mteja akangoja siku kadhaa. Siku hizi inatumwa picha ya hundi, na pesa hupatikana siku ya kazi inayofuata. Malipo makubwa yana KEPSS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2005, unaomaliza kila malipo peke yake papo hapo. Tangu Oktoba 2009 hundi haivuki shilingi milioni 1.

Mbona basi kila kitu kisipite KEPSS?

Tuseme kuna benki mbili. Kutwa nzima wateja wa benki ya kwanza wamewaandikia wale wa benki ya pili hundi za milioni 900, nao wakaandikiwa za milioni 870. Benki hizo zikikatana madeni, kinachohama kati ya akaunti zao za Benki Kuu ni milioni 30 tu. Zikilipana hundi kwa hundi, kila moja lazima iwe na fedha mkononi kila malipo yanapotoka. Ikipungukiwa, malipo yapange foleni au ikakope. Fedha iliyowekwa kando kungojea foleni hiyo haimkopeshi mkulima wala mwenye duka. Nchini kuna benki zaidi ya thelathini, si mbili. Anayedai kasi ni nadra kuulizwa nani atailipia.

Usiku huo hundi inapolala benki ndio pia wa kukagua saini, salio, na kama aliyeiandika ameizuia. Malipo ya papo hapo yakishatoka, kuyarudisha ni kumbembeleza aliyepokea. Uingereza wanayo tangu 2008, na walaghai wakayapenda mno. Oktoba 2024 sheria ikaziruhusu benki zao kuchelewesha malipo kwa hadi saa 72 zaidi pale zinaposhuku ulaghai. Tena huko mteja huziona pesa zimeingia wakati benki zenyewe hazijalipana; hukatana madeni mara tatu kwa siku ya kazi.

Hoja nzito ya wanaopinga kukatana madeni ni Herstatt, benki ya Ujerumani iliyoanguka. Tarehe 26 Juni 1974 wasimamizi wa Ujerumani waliifunga benki hiyo jioni, saa za New York ikiwa bado asubuhi. Waliokwisha kuilipa maki za Kijerumani hawakuziona dola walizopaswa kupewa New York kwa kubadilishana. Kukatana madeni bila dhamana ni hatari, hilo sina ubishi nalo. Ndiyo maana ukomo wa milioni 1 una maana, na ndiyo maana tangu 2015 benki za Uingereza huweka kwanza fedha taslimu za kufunika madeni hayo.

Lalamiko ninaloliunga mkono ni la Ijumaa. Hundi iliyowekwa siku hiyo hungoja hadi Jumatatu, na katika Jumamosi na Jumapili hizo hakuna saini inayokaguliwa wala deni linalokatwa.