Yadi 18,355 za Emmitt Smith: miguu yake au wazuiaji wa Dallas?

Wapenzi wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, wakibishana kuhusu mkimbiaji bora wa zama zote, yaani mchezaji anayepewa mpira akimbie nao, hutajwa kwanza Jim Brown, Barry Sanders na Walter Payton. Emmitt Smith, mwenye rekodi yenyewe ya yadi nyingi zaidi za kukimbia na mpira, hukumbukwa baadaye, tena kwa masharti: eti alibebwa na wazuiaji wa timu yake, Dallas Cowboys, wanaowasukuma wapinzani ili mkimbiaji apite, kisha akang'ang'ania uwanjani mpaka yadi zikatimia.

Hoja hiyo ina uzito. Larry Allen, Nate Newton, Erik Williams na wenzao walimfungulia njia ambazo Sanders hakuwahi kuzizoea katika timu yake kule Detroit. Daryl Johnston, fulbeki anayekimbia mbele ya mkimbiaji, alitangulia kugonga wapinzani. Wapinzani nao hawakuthubutu kujazana mbele, kwa sababu kwotabeki (mrushaji wa pasi) Troy Aikman angemrushia mpira mdakaji Michael Irvin pembeni. Sanders, akiwa na msaada mdogo kuliko huo, alipata wastani wa yadi 5.0 kila alipobeba mpira na karibu yadi 100 kwa mechi. Smith alipata 4.2 na 81. Kila mmoja alipomaliza misimu 10, Sanders alikuwa na yadi 15,269 na Smith 13,963. Julai 1999 Sanders akastaafu akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi, ambayo wakati huo ilikuwa ya Payton.

Ila wastani hausemi yadi hizo zilipatikanaje. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikielekea kushindwa, kwa kawaida jaribio la nne huupiga mpira mbali kwa mguu na kumwachia mpinzani. Sanders alikuwa akizunguka nyuma ya mstari wa wazuiaji kutafuta upenyo, na mara nyingi aliangushwa huko huko. Akipoteza yadi mbili, kisha akapata moja, jaribio la tatu linadai yadi 11: ni lazima kurusha pasi, na ulinzi wa wapinzani unajua. Mbio moja ya yadi 60 baadaye hurekebisha wastani wake, lakini hairudishi mipira iliyokwisha kupigwa kwenda kwa mpinzani. Smith alisubiri mzuiaji agonge, akapenya kwenye ufa, akaangukia mbele. Nne, kisha nne: zimebaki mbili, na kocha anaweza kukimbiza au kurusha. Karibu na mstari wa mwisho tabia hiyo ililipa zaidi. Tachidauni zake za kukimbia, yaani mara alizouvusha mpira mstari huo na kufunga, ni 164, za Sanders 99.

Kuhusu wazuiaji, mwaka 1993 ulitoa jaribio ambalo mtu asingeweza kulipanga. Smith aligoma kwa ajili ya mkataba, Dallas wakacheza mechi mbili za kwanza bila yeye, na mstari ule ule wa wazuiaji, Aikman yule yule, wakafungwa zote mbili. Aliporudi walishinda saba mfululizo. Alimaliza akiongoza ligi kwa yadi 1,486 ingawa alicheza mechi 14 kati ya 16. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Januari 2, 1994 dhidi ya New York Giants, bega lake la kulia liliteguka kabla ya mapumziko. Akaendelea hadi muda wa nyongeza: alibeba mpira mara 32 kwa yadi 168, akadaka pasi 10, Dallas wakashinda 16–13 na kutwaa ubingwa wa kundi lao.

Kinachodharauliwa zaidi ni miaka iliyofuata msimu wa 10. Tangu alipotimiza miaka 31, umri ambao Sanders aliondoka, Smith alikusanya yadi 4,392. Wazuiaji wakongwe walikuwa wakiisha mmoja mmoja. Mwaka 2001 Aikman alikuwa ameshastaafu, Dallas walitumia makwotabeki wanne na wakapoteza mechi 11. Wapinzani hawakuwa na pasi ya kuogopa, wakajaa mbele. Smith, akiwa na miaka 32, alipata yadi 1,021. Huo ulikuwa msimu wake wa 11 mfululizo wa kuvuka elfu moja.

Wanaosema rekodi hupatikana kwa kudumu uwanjani tu wamtazame mkimbiaji Frank Gore. Alidumu misimu 16 na mechi 241, yaani 15 zaidi ya Smith, na wastani wake ulimzidi kidogo. Aliishia yadi 16,000 kamili. Alibeba mpira mara 3,735; Smith 4,409. Kocha hampi mtu mpira mara nyingi hivyo kwa huruma: lazima awe mzima, asiuangushe, na asogee mbele hata njia ikizibwa. Katika misimu 13 ya Dallas Smith alikosa mechi saba tu, mbili zikiwa zile za mgomo.

Misimu yake miwili ya Arizona Cardinals ndiyo hutolewa kama ushahidi wa kung'ang'ania. Iondoe yote: zinabaki yadi 17,162 za Dallas peke yake, na bado hakuna aliyezifikia.