Bosi aliniambia naharibu picha

Yaani jamani, kuna siku niling'aa kijani mbele ya bosi kama kimulimuli, na ile protini niliyotakiwa kuing'arisha ikabaki giza tupu.

Kazi yenyewe ya kawaida tu, kubandika rangi ya fluoreseini, ile inayong'aa kijani ukiimulika kwa taa ya bluu, kwenye protini. Na hizi rangi zinachagua, hazishiki tu popote. Ukitaka ishike sisteini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, unatumia rangi yenye maleimidi, pH 7 hivi, inang'ang'ania ile salfa na wengine hata haiwasalimii. Ukitaka lysini, asidi amino nyingine, ni rangi yenye esta ya NHS, pH unaipandisha hadi 8 na ushee ili amini, kile kikundi chenye nitrojeni pale mwisho wa mkia wake, iachie protoni yake ipate kushika rangi. Sisi tulikuwa tunataka lysini. Basi nikayeyusha rangi kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, nikatia kwenye protini, nikafunika na foili isione mwanga, nikakaa kusubiri.

Sasa glovu. Ilikuwa na katundu kwenye gumba, kadogo hukaoni, na DMSO haibishi hodi, inapenya glovu inapenya na ngozi. Navua nakuta gumba la njano. Kabla sijafika sinki pua ikawasha nikaikuna, sikio nalo likadai haki yake nikalikuna, ndo nikashika sabuni ya kipande nasugua nasugua. Kumbe sabuni ya kipande pH yake inafika 9 hadi 10! Na keratini, protini ya ngozi, ina lysini zake, kwa hiyo pale sinki nilikuwa nazihudumia lysini zangu mwenyewe vizuri kuliko za kwenye kichupa. Ikishashika ndo basi, kile ni kifungo cha amidi, utasugua mpaka mkono uchoke.

Jioni tukaangalia jeli, ile ya kutenganisha protini na rangi isiyoshika. Taa zikazimwa, bosi akawasha ile ya bluu. Pale protini inapotakiwa kuwepo hakuna kitu, rangi yote imejikusanya chini kabisa ya jeli. Kimya. Mara mwenzangu akaanza kucheka, kile kicheko cha kushikilia meza, namuuliza nini hawezi hata kujibu ananionyesha tu uso. Bosi akageuka na miwani yake ya rangi ya chungwa, akanisogelea, akanikagua taratibu.

"Ncha ya pua imeshika vizuri sana," akasema. "Hiyo umeifanyaje?"

Tukaja kugundua ile chupa ya bafa, maji ya kushikilia pH, nje imeandikwa fosfeti lakini ndani ilikuwa Tris, bafa ya aina nyingine. Na Tris nayo ina amini, tena mule zimejaa kuzidi lysini zetu mbali kabisa, zikaila rangi yote protini ikalala njaa. Mwandiko wa kwenye chupa mpaka leo hauna mwenyewe.

Rangi ilikaa mpaka ngozi yenyewe ilipobanduka, na muda wote huo ikiwashwa tu taa ya bluu naambiwa, "Wewe kaa nyuma, unaharibu picha."